Kudarizi begi na raba kwa mkono, kwa ajili yako mwenyewe

Ukisema unadarizi, wengi wanawaza mashuka, foronya na vitambaa vya makochi, na ni kweli huko ndiko wengi wetu tulikojifunzia kushika sindano. Lakini sindano ile ile na uzi ule ule unaweza kuupeleka kwenye begi la kanvasi au kwenye raba nyeupe ukatoka nazo barabarani, na mimi kwa kweli naona utamu uko hapo, maana ni kitu unachotembea nacho, kwenye daladala kinaonekana, na mji mzima hakuna mwingine mwenye nacho.

Sasa kabla hatujagusa sindano kuna jambo moja nataka likae kichwani mpaka mwisho wa maelezo haya. Shuka linalaliwa, begi na kiatu vinasuguliwa. Begi linasugua nyonga kutwa nzima, kiatu kinakunjwa kila hatua, kinaingia vumbi, kinasuguliwa na mswaki siku ya kufua. Kwa hiyo karibu kila uamuzi, yaani uzi gani, mshono gani, ua likae wapi, unatokana na swali moja tu: hapa patasuguliwa kiasi gani? Ukizoea kujiuliza hivyo, yaliyobaki ni mazoezi ya mkono tu.

Begi gani, kiatu gani

Kwa begi, tafuta la pamba nzito, kanvasi au jinzi, lisilo na bitana ndani, na mdomo uwe mpana mkono uingie mpaka chini kabisa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala imejaa kila kona, ila angalia vizuri, maana ile mingi ya rangirangi tunayopewa dukani sio kitambaa kilichofumwa, ni nyuzi za plastiki zimegandamizwa kwa joto, ukipitisha sindano karibu karibu inachanika kwenye mstari wa matundu kama stempu. Hiyo iache ibebe vitunguu. Kitambaa chenyewe hasa ukikisogeza machoni unaona nyuzi zinapishana, moja juu moja chini.

Mitumbani ndiko kuna mabegi mazuri kwa kazi hii, Karume pale Ilala au Gikomba kwa walioko Nairobi, na tena begi la mtumba lina faida yake kwa sababu limeshafuliwa sana, halirudi tena. Begi jipya la pamba lazima uliloweke kwanza kwenye maji ya moto, likauke, ulipige pasi, ndio uanze. Ukiliwahi likiwa bado jipya, siku ukilifua kitambaa kitarudi na uzi hautarudi, ua lako litabaki limevimba na pembeni pamejifinya na hakuna pasi itakayolinyoosha.

Kwa viatu anza na raba za kanvasi za kawaida, zile nyepesi kama za michezo za shuleni. Kabla hujanunua ingiza mkono ndani uone vidole vinafika wapi, halafu bonyeza ubavu kwa dole gumba, ukisikia kitambaa kinabonyea chukua, ukisikia sponji nene au plastiki ngumu katikati rudisha. Kisha kunja kiatu mkononi jinsi kinavyokunjika mtu akitembea, utaona mikunjo inatokea pale juu vidole vinapoanzia. Hiyo sehemu usiiwekee ua kubwa, uzi pale unakatika mapema hata ungeshona vizuri namna gani. Sehemu za kushika ni ubavu wa nje kuelekea kisigino, kisigino chenyewe kwa nyuma, na ulimi wa kiatu. Ulimi ni rahisi kuliko vyote kwa sababu ukitoa kamba unaugeuza nje wote ukaushona kama kitambaa cha kawaida, mtu anayeanza leo nashauri aanzie hapo, kaua kadogo kila ulimi, basi.

Ubavu wa ndani, yaani upande ambao miguu inatazamana, uache mtupu. Watu wengi miguu yao inagusana wakitembea na hawajui, angalia raba zako za zamani utaona pale pamechakaa.

Vifaa, na vingi unavyo tayari

Uzi wa kudarizi wa pamba unauzwa kwa vifungu vidogo, kifungu kimoja cha kawaida ni mita 8 na ule uzi ukiufungua utakuta ni nyuzi ndogo 6 zimelala pamoja. DMC wa Ufaransa na Anchor ndio majina yanayojulikana sana, lakini Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya mafundi kuna wa aina nyingi, na Nairobi pita Biashara Street. Kwa begi kubwa tumia nyuzi 4 mpaka 6 kwa pamoja ili ua lionekane kwa mbali, kwa raba tumia 3, na kwa mistari myembamba kama mishipa ya jani tumia 2. Ukitaka kutenganisha usivute zote kwa mkupuo, vuta mmoja mmoja kwenda juu ukiwa umeshikilia zilizobaki, kisha uzikusanye upya, hazitajisokota.

Kabla ya kuushona kwenye kitu cheupe upime uzi kama unachuja. Lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, pitisha pasi. Nyekundu na bluu iliyoiva ndizo za kuziangalia sana. Ikiacha alama hata kidogo, uzi huo peleka kwenye begi jeusi.

Sindano chagua yenye ncha kali na tundu refu, na ujue namba zinakwenda kinyume, namba ikipanda sindano inapungua unene. Kwa kanvasi namba 5 inafaa sana, 7 kama unashona kwa nyuzi 2. Ongeza sindano moja ya kupinda, ile ya mafundi makochi lakini ndogo, itakusaidia kule mbele ya kiatu mkono usikofika. Kastabini, kile kikofia cha kuvaa kidoleni, sio pambo, kanvasi inarudisha sindano na ule upande wa tundu unatoboa kidole kweli kweli. Na uwe na plaizi ndogo ya kuvutia sindano inapokwama, ila vuta ukiwa umeinyoosha kufuata njia iliyoingilia, ukiivuta kwa kuipinda inakatikia ndani.

Fremu ya duara unahitaji kwenye begi tu, kwenye kiatu haiingii, na huihitaji maana kanvasi ya kiatu tayari imekazwa na soli. Kingine ni kipande cha nta ya nyuki, pitisha uzi juu yake mara moja mbili kabla ya kushona raba, uzi unakuwa laini na haupandi manyoya haraka. Mkasi mdogo wenye ncha. Mwanga wa dirishani. Kazi za usiku kwa taa ya njano zinadanganya rangi, asubuhi unakuta kijani ulichoshona sio kile ulichokusudia.

Mchoro utoke wapi

Hapa naomba tusikimbilie picha za mtandaoni zile zile za waridi na vipepeo. Kanga iliyoko kabatini kwako ni hazina. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, ina jina, na kila kimoja kinaweza kuwa kazi yake. Korosho, lile umbo la kupinda lililojaa kwenye kanga nyingi, linakaa vizuri mno kwenye ubavu wa raba kwa sababu mkunjo wake unafuata mkunjo wa kisigino. Pindo likae kwenye mdomo wa begi. Kwenye ukingo wa ulimi wa kiatu weka vidoto vya pindo tu. Ipige picha kanga ikiwa imenyooshwa, nenda steshenari wakutolee kopi iliyopunguzwa mpaka iingie kwenye kiatu, kata karatasi, iweke juu ya raba uone. Asumini nayo ni ya kuanzia, petali zake nyembamba zinashoneka kwa mshono mmoja mmoja.

Kwenye viatu kuna kitu watu wanakisahau, kulia na kushoto lazima viangaliane. Chora mchoro kwenye karatasi nyepesi, kisha igeuze karatasi upande wa pili uchore juu ya ile ile mistari inayoonekana, huo ndio mchoro wa mguu wa pili. Andika kabisa juu yake KULIA na KUSHOTO. Halafu pima kwa rula, kutoka ukingo wa soli mpaka chini ya ua, na kutoka mshono wa kisigino mpaka ubavu wa ua, vipimo viwe sawa pande zote mbili, maana mtu anayekuangalia kwa mbele hatahesabu mishono yako lakini ua moja likiwa limepanda atalijua hapo hapo.

Kuhamishia mchoro kuna njia nyingi. Ninayoipenda kwa raba ni ile karatasi laini inayojazwa ndani ya viatu vipya, usiitupe. Chora juu yake kwa kalamu ya wino unaokauka vizuri, ishikize kwenye kiatu kwa mishono mikubwa ya kupita, darizi juu ya karatasi moja kwa moja, ukimaliza ichane taratibu na vipande vilivyobaki uvitoe kwa kibano cha nyusi. Kiatu kinabaki safi, hakuna alama. Kwa begi la rangi nyeusi au jinzi, tumia kipande cha sabuni kavu kilichochongwa kikawa chembamba, mafundi cherehani wanakitumia miaka yote na kinatoka kwa maji. Karatasi ya kaboni ya ofisini sikushauri, ule wino unang'ang'ania. Na zile kalamu zinazofutika kwa joto la pasi ni nzuri kwa huku kwetu, ila ndugu zetu mlioko Canada au Norway mjue baridi kali inaweza kuurudisha mstari uliokwisha kufutika, kwa hiyo hakikisheni mishono imeufunika wote.

Jaza kiatu matambara wakati wa kuchora ili kisibonyee, kisha uyatoe.

Sasa tushone

Toa kamba, toa na soli ya ndani kama inatoka. Kata uzi usiozidi urefu wa kutoka ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko, karibu sentimita 45, najua inachosha kutunga tunga sindano lakini kanvasi inasaga uzi kila unapopita, uzi mrefu ukifika mwisho unakuwa umeshachakaa na mng'ao umeondoka, na hiyo tofauti inaonekana.

Usianze kwa fundo. Kwenye shuka fundo ni sawa, kwenye kiatu fundo linakaa kwenye ngozi ya mguu na ikifika jioni una lengelenge. Ingiza sindano ukiacha mkia wa vidole vitatu kwa ndani, shona mishono yako michache, kisha rudi kwa ndani upitishe ule mkia chini ya mishono minne mitano, ukate. Kumaliza ni hivyo hivyo. Na usiruke kutoka ua moja kwenda lingine ukiacha uzi unaning'inia ndani, kidole cha mguu kitaunasa unapovaa na kuuvuta. Kama umbali unazidi sentimita 1, malizia na uanze upya.

Mshono wa kwanza wa kujua ni wa mnyororo, na ukijua huo peke yake unaweza kudarizi raba nzima. Nieleze polepole. Kiatu kimelala mapajani, kisigino kinakuelekea, mkono wa kushoto uko ndani ya kiatu na wa kulia uko nje. Toa sindano kutoka ndani mwanzo wa mstari, vuta uzi wote. Irudishe sindano ndani kwenye tundu lile lile ulilotokea, lakini usivute mpaka mwisho, acha kitanzi kidogo nje ukishikilie kwa dole gumba. Mkono wa ndani unaipokea sindano na kuitoa tena nje milimita 3 mbele, itokee katikati ya kile kitanzi. Vuta taratibu kuelekea mbele mpaka kitanzi kilale juu ya kitambaa. Kisikazwe mpaka kikawa mstari, kisilegee mpaka ukucha ukainua, kilale tu kama jani. Hicho ni kiungo kimoja. Kinachofuata kinaanzia ndani ya kitanzi hicho. Mwisho wa mstari unavuka kitanzi cha mwisho kwa mshono mdogo wa kukifunga.

Mwanzoni mkono wa ndani ya kiatu utakuwa unapapasa gizani, sindano inatokea ilipotaka yenyewe. Tumia ncha ya kucha ya kidole cha shahada kwa ndani, bonyeza pale unapotaka itokee, nje utaona kitambaa kimepanda kidogo, hapo ndipo pa kulenga. Baada ya muda vidole vinaanza kujua vyenyewe na unaweza ukawa unapiga stori huku unashona.

Milimita 3 nimeisema makusudi. Kwenye begi unaweza ukaenda mpaka 5, kwenye kiatu usizidi 3 au 4. Mshono mrefu uko juu juu, unanasa kwenye kila kitu, ukucha, msumari wa benchi, zipu ya mwenzio. Kwa sababu hiyo hiyo ule mshono wa kujaza, wa kupeleka uzi kutoka ukingo huu wa petali mpaka ule, ambao kwenye foronya unang'aa vizuri sana, kwenye raba uache kwa petali nyembamba zisizozidi upana wa milimita 6 au 7. Petali pana ijaze kwa mistari ya mnyororo iliyolala ubavu kwa ubavu, anzia ukingoni uingie katikati, rangi iliyoiva nje na nyepesi ndani. Inachukua muda na uzi mwingi, lakini inadumu, na kitambaa chote kinafunikwa bila kuonekana.

Shina la ua shona kwa mshono wa kurudi nyuma, yaani unatokea mbele hatua moja na kurudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia. Katikati ya ua weka vifundo, unazungusha uzi kwenye sindano mara mbili na kuingia pembeni kidogo ya ulipotokea, uzi ukiwa umekazwa na mkono mwingine mpaka sindano ipite yote. Vifundo kwenye begi viweke upande unaotazama watu, upande wa nyonga visiwepo.

Kuna kitu kingine ambacho nakipenda kupita vyote na kimetoka kwenye kofia zetu za kushona kwa mkono, zile za Zanzibar na Lamu, ambazo Oman nako wanazivaa. Ukiishika ile kofia ukaielekeza kwenye mwanga unaona imejaa vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na mpangilio wa vile vitundu ndio ua lenyewe. Kazi hiyo unaweza kuihamishia kwenye raba ya kanvasi nyepesi na inaleta hewa pia. Chukua msharasi wa fundi viatu au msumari mwembamba uliosuguliwa ncha, toboa kwa kusukuma nyuzi pembeni, usizikate. Kisha toa sindano milimita 2 kutoka ukingo wa tundu, iingize kwenye tundu lenyewe, vuta kwa nguvu kiasi, itoe tena pembeni ya ulipotokea mwanzo, ingiza kwenye tundu. Zunguka hivyo mpaka ufunge duara. Kila mvuto unalifungua tundu zaidi na kuubana ukingo, ukimaliza unapata jicho safi la duara lenye mdomo wa uzi. Panga majicho hayo matano kuzunguka moja, ushapata ua. Nyeupe juu ya nyeupe, jamani, inapendeza mno na ina heshima yake.

Raba mbili zishone kwa pamoja, simaanishi kwa wakati mmoja, namaanisha petali ya kulia ukiimaliza hamia kushoto ushone petali ile ile, ndio urudi. Mkono wa mtu unabadilika, leo unakaza, kesho unalegeza, na ukimaliza mguu mmoja wote kwanza, wa pili utatoka na sura nyingine.

Begi lenye bitana, ngozi na kikapu

Begi likiwa na bitana usidarizi kupitia vitambaa vyote viwili, bitana itajifinya na mfuko wa ndani unaweza ukaushonea humo humo. Geuza ndani nje, tafuta mshono wa chini wa bitana, fumua kama sentimita 20, sukuma mkono upite pale, sasa uko kati ya bitana na begi na fremu inaingia. Upande wa nyuma wa kitambaa unaoshona bandika gamstafu, kile kitambaa chenye gundi kinachoshika kwa joto la pasi, kama kitambaa ni chepesi, kitatulia. Ukimaliza funga bitana kwa mshono wa kujificha na nyuma ya ua panakuwa pamefichwa tayari, funguo hazitanasa.

Ngozi ina tabia yake, tundu ukishalitoboa halizibi. Kwa hiyo hakuna kujaribu jaribu. Bana karatasi ya mchoro juu ya ngozi kwa vibanio vya nguo, toboa nukta zote kwa msharasi kwanza, ziachane milimita 3 mpaka 4, ndio upitishe uzi wa polista uliopakwa nta. Makubadhi ya pwani yanaonyesha jinsi ngozi inavyopendeza kwa mistari michache tu ya rangi, hayajajazwa, na naona huo ndio mfano wa kufuata ukiwa na mkoba wa ngozi, mstari wa ukingoni na umbo moja, yatosha.

Na kwa wale wenye vikapu vya ukili, hivyo navyo vinadarizika, tena kwa uzi wa sufu wa kufumia masweta na sindano nene butu. Futa kikapu kwa kitambaa chenye maji kidogo kwanza, miyaa ikiwa kavu sana inapasuka. Hapa huhitaji kuchora chochote maana msuko wenyewe umeshakupa vyumba, shona mkato mmoja na mwingine unaopita juu yake kama alama ya X, chumba kwa chumba, ukihesabu. Watoto wanaweza kufanya hii na wewe.

Mkiwa kwenye kazi hizi mtaulizwa sana, "unauzaje?" Jibu mnalo wenyewe, lakini mimi nasimama hapa: sio lazima kila kitu mkono unachojua kiwe biashara. Ukishona kwa kuuza utaanza kuhesabu saa, utapunguza petali, utachagua rangi zinazotoka sokoni. Ukishona chako unaweza kukaa na jani moja jioni nzima kwa sababu tu umependa lilivyo.

Kukivaa na kukifua

Kazi ikiisha, laza begi kifudifudi juu ya taulo nene, pasi ipite kwa nyuma, ua libaki limeinuka. Kwa raba, ndani pale uliposhona gundisha kipande cha pamba laini au gamstafu ile ya pasi kwa ncha ya pasi, pembe zake zikate duara zisinyanyuke, mguu hautasikia chochote.

Usiloweke. Maji ya baridi, sabuni ya kipande, mswaki laini, sugua kanvasi kuzunguka ua na juu ya ua lenyewe pitisha povu kwa vidole kufuata uelekeo wa mshono. Jik isisogee hata karibu. Jaza raba matambara meupe, magazeti yanaacha wino, na uanike kivulini penye upepo, jua la mchana wa Dar linakula nyekundu na zambarau mapema sana.

Uzi ukikatika baada ya kuvaa, usivute ule mkia. Ukivuta mnyororo kutoka upande wa mwisho unafumuka wote mpaka mwanzo. Ingiza mkia ndani kwa sindano, ufiche chini ya mishono ya jirani, kisha chukua uzi mpya wa rangi ile ile, anzia viungo viwili nyuma ya palipokatika na upite juu yake. Ndio maana kila kazi ikiisha weka akiba ya uzi wa kila rangi uliyotumia kwenye kibahasha, nje andika kiatu gani, utaushukuru huo uzi mvua za masika zikianza.